Upande Dau au Upige Pasi? Na Ukiambiwa Uanze, Utoe Karata Gani? Mwongozo wa Briji kwa Wanaoanza

Maswali ni yaleyale. La kwanza: "Wapinzani wamefika 3♥, mimi na patna tulishasema 2♠, nipande au niwaachie?" La pili: "Natakiwa nianze mimi, nimezikodolea macho karata zangu dakika nzima na zote naona mbaya." Nimeshajibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayamwaga yote kwa pamoja. Ukisoma ukaelewa, na we mpe mwenzako.

Sifundishi briji kuanzia sifuri. Nachukulia unajua kwamba karata 52 zinagawiwa watu wanne, wawili wawili wanaoelekeana ni timu moja, mnada unaenda mpaka watu watatu wapige pasi mfululizo, halafu mwenye mkataba anacheza na karata za patna wake zikiwa zimelazwa wazi mezani. Kama hapo bado kuna ukungu, cheza kwanza mikono ishirini hivi ndo urudi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Patna ambaye mmekubaliana mambo machache. Machache kweli, sio kurasa kumi. Dabo ipi ni ya kuuliza (inamwomba patna ataje aina yake) na ipi ni ya adhabu (inasema mkataba wa wapinzani utaanguka), na karata ya kuanzia inamaanisha nini. Hayo mawili yakieleweka mnaweza kukaa mezani.
- Hesabu ya pointi: ree (A) 4, kingi (K) 3, kwini (Q) 2, jeki (J) 1. Mezani pote ziko 40.
- Adhabu kichwani. Mkataba ukianguka bila dabo unalipa 50 kwa kila triki mkiwa salama, 100 mkiwa hatarini. Ukipigwa dabo, mkiwa salama ni 100, 300, 500, 800 kwa kuanguka moja, mbili, tatu, nne. Mkiwa hatarini ni 200, 500, 800, 1100. Hizi namba zikariri tu hata usipozipenda, maana maamuzi yote ya mnada wa kugombania yanatokea hapo.
- Malipo ya kawaida: 2♥ au 2♠ ukiipata ni 110, 3♥ au 3♠ ni 140, 4♥ au 4♠ ni 420 mkiwa salama na 620 mkiwa hatarini.
- Ujue mnacheza mashindano ya jozi au ya timu. Kwenye jozi hata tofauti ya pointi 10 inakupa au inakunyima alama, kwenye timu kinachouma ni tofauti kubwa.

Kuhusu majina ili tusipotezane: ♠ shupaza, ♥ kopa, ♦ uru, ♣ maua (wengine wanaita pau). Triki ni duru moja ya karata nne. Kukata ni kula kwa turufu pale ambapo huna aina iliyochezwa. Garasa unalijua, karata ndogo isiyo na faida. Na "hatarini" au "salama" ni ile hali iliyoandikwa kwenye kila mkono, sio hisia zako.

SEHEMU YA KWANZA: MNADA WA KUGOMBANIA

1. Hesabu turufu kabla hujahesabu pointi. Hapa ndo wengi wanapotea. Mkiwa mnagombania mkataba na pointi zimegawanyika karibu nusu kwa nusu, kinachowabeba ni urefu wa turufu zenu. Mfaransa Jean-René Vernes aliandika jambo hili mwaka 1969: jumla ya triki ambazo pande zote mbili zingekula, kila upande ukicheza kwa turufu yake bora, inakaribiana na jumla ya turufu za pande zote mbili. Watu wanaiita sheria ila sio sheria ya kukatwa na msumeno, ni makadirio mazuri tu. Kwa matumizi ya mezani inakuwa hivi: mkiwa na turufu 8 nyie wawili, nendeni mpaka ngazi ya 2 bila woga (yaani triki 8, sita ukijumlisha 2), 9 ngazi ya 3, 10 ngazi ya 4.

2. Ifanyie kazi mezani. Tuchukue mfano. Wa kushoto kwako kafungua 1♥, patna kaingilia 1♠ (yaani ana tano au zaidi), wa kulia kasema 2♥, na we una hizi:

♠ K84 ♥ 73 ♦ A9652 ♣ 1084

Tano za patna na tatu zako ni nane, kwa hiyo 2♠, hakuna cha kufikiria. Sasa aliyefungua anapanda 3♥, pasi, pasi, zamu yako tena. Mkono unawasha. Nipande 3♠? Turufu zenu bado ni 8, hazijaongezeka tangu dakika iliyopita. Tuseme wao nao wana kopa 8, jumla ni 16. Kama wao wanakula triki 9 za 3♥ yao, basi nyie mnakula 7, yaani 3♠ inaanguka mbili. Kama wao wanakula 8 tu, nyie nanyi 8, yaani 3♥ ilikuwa inaanguka na we ukaenda kuwaokoa halafu ukaanguka wewe. Upande wowote unaotazama, pasi inashinda. Kitu pekee cha kukutetea ni pale 3♥ inapopatikana, mko salama na hawajawapiga dabo, mkalipa 100 badala ya 140. Wakipiga dabo ni 300, na mpinzani mwenye akili atapiga.

Sasa badilisha karata moja tu, toa kopa moja uweke shupaza:

♠ K842 ♥ 7 ♦ A9652 ♣ 1084

Pointi ni zilezile 7. Lakini turufu sasa ni 9, na kopa za wao bila shaka zimeongezeka maana we unayo moja tu. Hapa hata usisubiri kusukumwa, ukisikia 2♥ ruka moja kwa moja 3♠. Wao ndo wabaki wanakuna vichwa kwenye ngazi ya nne.

Soma hiyo mifano miwili mara mbili, mimi ilinichukua muda mrefu mno kukubali kwamba kagarasa kamoja ka shupaza ndo kanaamua.

3. Rekebisha kwa kuangalia picha zako zimekaa wapi. Ukiwa na K J ya aina ya wapinzani, hizo ni karata za kuwazuia wao, kwenye mkataba wenu hazikusaidii kitu, kwa hiyo punguza hamu ya kupanda. Ukiwa na picha zako kwenye turufu yenu na aina yenu ya pembeni, ongeza. Halafu kuna suala la nani anacheza kabla ya nani: kingi ya aina aliyoinadi mtu wa kulia kwako ni nzuri, kwa sababu ree yake inacheza kabla yako. Kingi hiyohiyo kama aliyeinadi yuko kushoto ni ya kuombea, anakusubiri umalize ndo yeye atoe.

4. Angalia hatari. Mko salama na wao wako hatarini, jitoe mhanga kwa furaha: 4♥ yao ni 620, na 4♠ yenu yenye dabo ikianguka tatu ni 500, faida. Mkiwa nyie ndo hatarini na wao salama, kuanguka mbili kwa dabo ni 500 na 4♥ yao ilikuwa 420, umejikaanga mwenyewe. Na kwenye mashindano ya jozi kuna namba moja ya kuogopa kama nini, 200. Mikataba midogo inalipa 110 mpaka 140 hivi, kwa hiyo ukilipa 200 ujue meza karibu zote zimekupita. Hatarini, anguko moja la dabo au mawili bila dabo, hiyo hapo.

5. Ukishasema, umesema. Mtu kafungua 3♦ kuziba njia, wapinzani wamesema 3♠, patna pasi, 4♠, na yeye huyo anarudi na 5♦. Kwa nini? Mkono wake alishauuza wote kwenye dau la kwanza. Kuanzia hapo mwenye uamuzi ni patna, yeye ndo anajua mna nini kwa pamoja.

6. Usiwaachie ngazi ya 2 kirahisi. Wapinzani wakipatana turufu na kusimama 2♥, maana yake hawana nguvu za kwenda mbele, na kama hawana wao, patna wako anazo hata kama alikaa kimya. Ukiwa wa mwisho kabla mnada haujafungwa, jifanye umeazima kingi moja kutoka kwa patna (pointi 3 hivi) halafu ingia, kwa dabo ya kuuliza au kwa aina yako ya karata tano. Lengo ni kuwasukuma 3♥, ukishawasukuma kaa kimya. Patna naye akumbuke hiyo kingi umeshaihesabu, asipande nayo tena. Nimewahi kuingia hivi na pointi 8, patna wangu akachangamka akatupeleka mchezo kamili (mkataba mkubwa wenye bonasi, kama 4♠), tukaanguka tatu na bado yeye ndo alininunia.

7. Ngazi ya tano waachie. Mmesema 4♠, wao 5♥. Mara nyingi sahihi ni pasi au dabo, sio 5♠. Mlishawasukuma mahali pabaya. Panda tu kama mna turufu nyingi mno, kumi na moja hivi, au kama huna kabisa karata ya aina yao.

8. Dabo ya adhabu ni ya hesabu, sio ya hasira. Kwenye timu, ukipiga dabo 2♠ na wakaipata umewapa mchezo kamili: 470 wakiwa salama, 670 wakiwa hatarini, badala ya 110. Kwa hiyo subiri uone anguko la mbili angalau, na turufu zako ziwe kweli. Kwenye jozi legeza kidogo: kama mkataba ulikuwa wenu wa 140 na wao wako hatarini, anguko moja bila dabo linakupa 100 tu, la dabo linakupa 200.

Onyo moja ambalo halihusiani na hesabu. Usifikirie dakika mbili halafu upige pasi. Patna kashaona una kitu, na kanuni haimruhusu kutumia kile kusita kwako, kwa hiyo umemfunga mikono. Akipanda wapinzani wataita mwamuzi na watakuwa na haki. Fikiria mapema, wakati wenzako wananadi.

SEHEMU YA PILI: KARATA YA KUANZIA

Anayeanza ni aliye kushoto kwa mwenye mkataba. Iweke imefunikwa, muulize patna kama ana swali kuhusu mnada, ndo uifunue. Sio mbwembwe: kama kumbe haikuwa zamu yako, karata iliyofunikwa mwamuzi ataamuru uirudishe mkononi na maisha yanaendelea. Ukiwa umeshaifunua, mwenye mkataba anapata machaguo kibao na hakuna hata moja la kukufurahisha.

1. Rudia mnada kichwani kabla ya kutazama karata zako. Nani kanadi nini, aina gani haijatajwa, patna kaongea au kanyamaza, na mwenye karata za mezani atakuja na nini. Anayeanza kwa kutazama karata zake mwenyewe huwa anachagua ile inayomng'aria tu.

2. Patna kanadi? Anza na aina yake. Ukiwa nazo mbili toa ya juu, ukiwa na tatu zenye picha toa ndogo (K84 unatoa 4). Ila kama ni mkataba wa turufu na unayo ree, toa ree yenyewe. Usipoanza na aina ya patna uwe na sababu nzuri, maana utaulizwa.

3. Mkataba bila turufu. Hapa ni mbio: wao wanatafuta triki tisa, nyie mnatafuta tano kabla hawajafika. Kwa hiyo anza na aina yako ndefu. Kama una mfululizo, KQJ au QJ10 au J109, toa ya juu. Kama huna, toa ya nne kutoka juu: kwenye KJ742 unatoa 4.

Kwa nini ya nne? Kwa sababu patna anaweza kupiga hesabu. Anachukua 11 anatoa namba ya karata uliyoanza nayo, jibu ni idadi ya karata kubwa kuliko hiyo walizo nazo wale watatu wengine. Tazama hii, mkataba ni 3NT (NT ni bila turufu), patna wako kaanza na ♠7. Mezani zimelala ♠Q83, we una ♠A102, na mwenye mkataba kaitisha 3. 11 kutoa 7 ni 4. Mezani zipo mbili kubwa kuliko 7 (Q na 8), kwako mbili (A na 10). Zimeisha! Mwenye mkataba hana hata moja inayozidi 7. Kwa hiyo weka 10, inakula kwa uhakika, halafu ree, halafu 2, patna anaweka kingi inaibeba ile kwini, na J na 9 zake zinamalizia. Triki tano, mkataba chini. Mgeni angekimbilia kuweka ree kwanza kwa sababu kafundishwa "wa tatu aweke kubwa", na hapo kwini ya mezani ingekula triki moja huko mbeleni. Jaribu mwenyewe kwa karata halisi: patna mpe KJ975, mwenye mkataba 64.

4. Mkataba wa turufu. Hapa aina ndefu haina maana sana, wataikata. Tafuta triki za haraka au zilizo salama. Kwa mpangilio wangu mimi:

- Mfululizo wa picha, au A K pamoja. Hii ndo tamu kuliko zote, unakula na unaona mezani.
- Karata pekee ya aina ya pembeni, kama una turufu ndogo za kukatia na patna ana dalili ya kupata zamu. Kama we ndo una pointi zote, patna ataingilia wapi akurudishie?
- Magarasa matatu ya aina ambayo haijanadiwa. Haipendezi ila haivunji kitu.
- Kuanza na ndogo chini ya kingi au kwini, pale tu mnada unaonyesha kuna haraka.

Na ya kukataa kabisa: kutoa ndogo huku umeshika ree ya aina hiyo. Mwenye mkataba anakula na kingi yake ya pekee, halafu ree yako inakuja kukatwa. Patna akikuuliza utamjibu nini?

Ukiwa na turufu nne, sahau kukata. Anza na aina yako ndefu umlazimishe mwenye mkataba akate na akate, mpaka we uwe na turufu nyingi kuliko yeye.

5. Lini uanze na turufu? Watu wanaitoa wakikosa la kufanya, na mara nyingi ni makosa. Itoe ukiwa na sababu. Mnada kama huu, wapinzani wakinadi peke yao: 1♠, 1NT, 2♥, pasi. Mezani anakuja mtu aliyeikimbia ♠, na we una ♠AQ109. Watakachofanya ni kukata ♠ mezani. Toa turufu, na kila ukipata zamu toa tena. Sababu nyingine ni pale ulipopiga dabo ya kuuliza kwenye ngazi ya 1 na patna akaiacha kwa pasi. Anasema turufu zake ni nzuri kuliko za mwenye mkataba, mpe anachotaka.

6. Patna akipiga dabo mwishoni. Kwenye 3NT, kama kuna aina yeye au wewe mlinadi, anza nayo. Kama mlinyamaza wote, kawaida anaomba aina ya kwanza iliyonadiwa na mwenye karata za mezani. Kwenye mkataba wa triki 12 au 13 wa turufu, dabo yake inasema usianze na ya kawaida. Mbinu hiyo ni ya Mmarekani Theodore Lightner na bado ina jina lake. Mara nyingi patna hana kabisa karata ya aina fulani na anataka kukata, jiulize ni ipi, anza kwa kutazama ile uliyonayo nyingi.

IKIGOMA

*Nimefuata hesabu ya turufu na bado nimeanguka mbili.* Angalia hatua ya 3 ya Sehemu ya Kwanza. Karibu kila mara utakuta ulikuwa na kwini na jeki kwenye aina ya wapinzani, au mkono wako ulikuwa umekaa 4-3-3-3, mkono bapa usio na pa kukatia.

*Sijui patna ana turufu ngapi.* Chukulia dau lake linaahidi kiwango cha chini: kuingilia ni tano, kufungua 1♥ au 1♠ ni tano kama ndivyo mlivyokubaliana. Usimuongezee karata ambazo hajasema.

*Kila ninapoanza chini ya kingi nampa mwenye mkataba triki.* Inatokea. Ila kama inatokea kwenye mikataba ya turufu zaidi, unashambulia pasipo haraka. Kama mnada ulisuasua na wamefika 4♠ kwa kukokotana, tulia, toa salama. Kama wamepita mbio na mezani kuna aina ndefu ya kutupia magarasa, hapo ndo shambulia.

*Patna hakurudisha aina niliyoanza nayo.* Muulize baada ya mkono, sio wakati wa mkono. Pengine hesabu ya 11 ilimwambia mwenye mkataba kashaiziba, au pengine alisahau tu.

*6NT, sijui nianze na nini.* Chochote kisichotoa zawadi. Magarasa mawili au matatu, usitoe ndogo chini ya kingi wala kwini, acha wahangaike wenyewe kuitafuta triki ya kumi na mbili.